Sikupi Mpira, Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa mikono ya mume wa dada yangu ilishinda chini ya makalio yangu, na katika mji mzima wa Kessler Run hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, mwenzetu, unajisikiaje. Macho yote yalikuwa kwake. Mimi ndiye senta. Nainama mstari wa mbele, mpira wetu wa Kimarekani, wa umbo la yai, uko chini, nimeushika, na mbele ya pua yangu kuna jitu la timu pinzani linanuka vitunguu. Lonnie Petrak, shemeji yangu, ndiye kwotabeki. Anasimama nyuma yangu, anaingiza mikono hapo nilipokwisha kutaja, anapaza sauti "Hat!", nami nampa mpira katikati ya miguu yangu. Yeye anarudi nyuma hatua tano, anachagua wa kumrushia, watu wanapiga vigelegele. Mimi nakanyagwa. Ndiyo kazi yenyewe, silalamiki. Haya, nalalamika kidogo.

Timu yetu inaitwa Wafua Chuma. Ni timu ya watu wazima wenye shughuli zao. Hakuna anayelipwa, na soksi kila mtu anajinunulia. Mimi nina bucha. Lonnie anachomelea vyuma vya matishari kule karakana ya mtoni. Mwaka ninaousimulia alikuwa ametimiza arobaini na nne, na msimu ulikuwa umekwisha kwa yeye kubebwa nje ya uwanja huku akituambia niko sawa, niko sawa, nitueni chini nyie wajinga.

Januari, asubuhi moja ya theluji, dada yangu Wanda aliingia buchani.

"Dada, nikupimie nini?"

"Usinipimie kitu. Weka kisu chini unisikilize."

Nikaweka. Wanda amenizidi miaka miwili tu, lakini husema nami kana kwamba ndiye aliyenizaa.

"Jana tulikuwa kwa daktari," akasema. "Bega la kulia limekwisha, Kaz. Amebakiwa na kano moja, nayo imechakaa. Daktari anasema akigongwa tena mgongano mmoja tu, vile mnavyogongana nyie, mkono utaning'inia na hautanyanyuka tena mpaka anakufa. Hatachomelea hata bati."

"Yeye mwenyewe amesemaje?"

"Amemuuliza daktari kama amewahi kucheza mpira."

Huyo ndiye Lonnie. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuuliza wewe ni zimamoto tangu lini.

"Nimesema mpaka mdomo umeniuma," Wanda akaendelea. "Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa nyie mtafute kwotabeki mwingine kabla ya Julai. Mkikosa, atavaa jezi atatoka, namjua. Na ule mkono, Kaz, ule ndio nyumba yangu, ndio makaa yangu ya baridi, ndio kila kitu." Halafu akalia. Wanda halii. Alilia mbele ya soseji zangu, na mimi, mwanamume wa kilo mia na thelathini, nikaogopa nikampa taulo la kufutia mizani.

Kwa hiyo ndivyo tulivyoanza kutafuta kwotabeki.

Mkutano ulifanyika Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, katika ukumbi wa zimamoto, maana Ijumaa za Kwaresima mji wote uko pale unakula samaki wa kukaanga, Wakatoliki kwa amri na wengine kwa uroho. Kocha wetu, Orville Stumpf, ni Mlutheri, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hawezi kufikiri bila kuandika. Akageuza karatasi ya kuwekea sahani, akaandika mafuta yakimdondokea.

"Timu isiyo na kwotabeki ina njia tatu," akasema. "Kulea chipukizi, kubadilishana na wenzako, au kuokota mtu njiani."

"Timu ipi isiyo na kwotabeki?" Lonnie akauliza. Alikuwa amekaa meza ile ile, sahani imejaa, anakula kwa mkono wa kushoto ili tusione. Tuliona.

"Lonnie, bwana..."

"Hapana, semeni. Nasikia habari ya timu maskini isiyo na kwotabeki, nataka kuichangia."

Watu wakacheka, na akicheka mtu mmoja kwenye meza ya Lonnie, basi mjadala umekufa. Ndipo nikasema mimi, maana wengine walikuwa wanahesabu miiba: "Shemeji, daktari amesema."

Akanitazama. Akaweka uma chini. "Sawa. Nitawaambia neno moja mbele ya samaki hawa. Nionyesheni mtu mmoja, mmoja tu, anayerusha vizuri kuliko mimi. Siku hiyo natundika helmeti. Sitanung'unika."

"Unaapa?"

"Naapa kwa bega langu," akasema yule mshenzi, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Tukaanza na chipukizi. Kocha alimpata kijana wa miaka ishirini na mbili, Brantley, aliyekaa benchi la timu ya chuo miaka minne na kwa hiyo alikuwa hajachoka hata kidogo. Alikuwa na mkono wa mzinga. Tatizo hakujua kurusha polepole. Mtu akiwa hatua tatu mbele yake, alimrushia kama yuko kaunti nyingine. Siku ya kwanza alivunja kidole cha mdaka mpira wetu mmoja, siku ya pili akavunja cha mwenzake, siku ya tatu wadakaji wote wakapata udhuru wa familia. Lonnie alihudhuria siku zote tatu. Alikuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa, akakaa pembeni akitoa maksi.

"Kidole cha shahada! Huyo nampa saba!"

Tukaja kwenye kubadilishana. Jirani zetu na maadui zetu wa kuzaliwa, Slate Hollow, walisema wanaye kwotabeki wa ziada, mzoefu, wa kuaminika. Walimtaka mpiga teke wetu pamoja na lile jiko letu la kubanikia nyama, lile la magurudumu. Kocha Stumpf alipiga mahesabu usiku na mchana akaona ni biashara. Jiko likaenda, mpiga teke akaenda akiwa amekaa juu ya jiko. Akaja kwotabeki. Aliposhuka kwenye gari alishuka kwa kurudi nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Karibu, babu!" Lonnie akaita kutoka kwenye kiti. "Wewe daktari wako anasemaje?"

Mpiga teke hawakuturudishia. Jiko nalo hawakurudisha, na mpaka leo ukipita Slate Hollow siku ya Jumapili unasikia harufu ya nyama ikitoka kwenye mali yetu.

Basi nikakata tamaa. Nawaambia kweli, nilikata tamaa. Kila nilipomwona Wanda kanisani niligeuka kusoma majina ya wafadhili kwenye madirisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, lakini hao wahenga hawakuwa na mkutano Ijumaa na Kocha Stumpf na karatasi yake.

Ilikuwa Ijumaa ya tano ya Kwaresima. Ukumbi umefurika, foleni imetoka hadi nje. Padri wetu mpya, Emil Zatko, kijana wa miaka thelathini na moja aliyeletwa baada ya Krismasi, alikuwa jikoni amevaa aproni, anafunga viazi vya kuoka kwa karatasi ya bati. Upande wa pili wa ukumbi mama mmoja akapaza sauti: "Baba! Huku viazi vimeisha!" Katikati kuna meza ishirini na watu wamekaa goti kwa goti, huwezi kupita. Padri akapima kiazi mkononi. Akarudi nyuma hatua moja. Akakirusha.

Jamani. Kile kiazi kilipita juu ya vichwa vya watu, kinazunguka kimenyooka, hakiyumbi, kinameta chini ya taa, kikatua kwenye trei ya yule mama bila kugusa kingine. Akarusha cha pili. Cha tatu. Trei ikajaa.

Kocha Stumpf alikuwa na samaki mdomoni. "Yule ni nani?" akauliza.

"Padri wetu mpya."

"Mungu mkubwa," akasema Mlutheri, na hajawahi kusema hivyo tena.

Padri Emil alikuwa amerusha mpira shuleni kwao huko Ohio, kabla ya seminari. Aliona haya kukubali, akaona haya kukataa. Mwisho akasema atacheza, mradi mazoezi yasigongane na maungamo ya Jumamosi. Mashindano na Lonnie tuliyafanya wiki moja baada ya Pasaka, kwenye maegesho ya kanisa. Tulining'iniza tairi la gari, hatua thelathini, kila mtu mipira kumi.

Padri alipitisha tisa.

Lonnie akapitisha nane. Alipomaliza uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na ule mkono aliuingiza mfukoni kwa kuushika na mkono mwingine. Hakuna aliyecheka. Nilitamani angepitisha zote kumi, Mungu anisamehe, ingawa nilikuwa nimeomba novena nzima, sala za siku tisa, akose.

"Sawa," akasema. "Nilisema. Padri, timu ni yako."

Akampa mkono, wa kushoto, akaenda zake. Mimi hapo nilipaswa kushtuka. Lonnie akikubali jambo upesi, hesabu vidole vyako. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana akili. Nilimpigia Wanda simu pale pale, akasema, "Asante, mdogo wangu," maneno ambayo sikumbuki kuyasikia kwake tangu tuko watoto.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Mei. Nikainama. Padri akasimama nyuma yangu, akasimama tu.

"Baba, weka mikono."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, Baba, na Mungu atusamehe sote wawili."

Akaweka, kwa uangalifu wa mtu anayeshika kalisi, kile kikombe cha misa. Sasa, kabla ya ile "Hat!", kwotabeki hupaza sauti kidogo kutuweka tayari, rangi na namba, maneno ya ovyo tu. Padri alikuwa na hofu. Na mtu mwenye hofu hukimbilia anachokijua. Nikamsikia anavuta pumzi, halafu ikatoka ile sauti yake ya altareni, pana, tamu:

"Bwana awe nanyi!"

Na sisi watano wa mstari wa mbele, matako juu, nyuso ardhini, tukajibu kwa pamoja: "Awe pia rohoni mwako!" Wawili wakasimama wima kabisa. Mmoja akaanza ishara ya msalaba. Walutheri wawili wa upande wa ulinzi, ambao hawakuwa na zoea la kuitikia padri, wakapita katikati yetu bila kizuizi wakamlalia Padri.

"Nini hiyo?" Kocha akapiga kelele. "Nini hiyo?"

"Misa, Kocha," nikasema.

Ilituchukua mwezi mzima kumtoa Padri ile tabia, na kututoa sisi. Lakini alijua kurusha. Alirusha kwa upole, mpira ulifika mikononi mwa mtu umekwisha tulia, na wadakaji wakarudi mmoja mmoja na vidole vyao. Lonnie hakuja tena mazoezini. Niliposikia anashinda kwa shangazi yake Ludmila, bibi wa miaka tisini na moja, nikasema, ah, afadhali, mtu amepata kazi ya huruma.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa nane mchana, nyumbani, dhidi ya Slate Hollow. Walikuja na jiko letu. Waliliweka nyuma ya benchi lao wakabanika soseji, nasi tunatazama. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Lonnie alikaa jukwaani safu ya kwanza amevaa koti la baridi, limefungwa zipu hadi kidevuni. Nikampungia mkono. Nikasema moyoni, maskini, ana homa ya huzuni. Mimi ni mjinga, niacheni.

Tulicheza vizuri. Mara moja tu, robo ya pili, tumebanwa na kelele zimezidi, Padri aliteleza: "Bwana awe nanyi!" Sisi tulikuwa tumekwisha kufunzwa, tukang'ata meno kimya. Lakini Slate Hollow nao ni Wakatoliki watupu, na hawakuwa wamefunzwa. Ulinzi mzima ukanyooka kujibu. Mtu wetu akapita katikati yao anatembea. Kocha wao alimlilia refa, refa akasema kitabu cha sheria hakisemi lolote kuhusu liturujia.

Robo ya tatu ilipokuwa inaelekea mwisho, wao walikuwa na ishirini, sisi kumi na saba, na mpira ni wetu. Hapo akaja jirani wa Shangazi Ludmila, anakimbia kando ya uwanja na kandambili.

"Padri! Padri yuko wapi? Ludmila anakata roho! Anataka mafuta matakatifu!"

Padri Emil hakusita hata sekunde. Alikimbia kama alivyo, helmeti kichwani, jezi imejaa majani, akaingia kwenye gari la yule jirani, na gari likaondoka. Sote tukavua helmeti. Kocha Stumpf akakaa chini kwenye nyasi. Na mimi hapo ndipo akili yangu ikaanza kutembea, polepole, kama kawaida yake. Shangazi Ludmila alikuja buchani kwangu asubuhi ile ile. Alinunua soseji kubwa nne na akabishana nami kuhusu mafuta yaliyomo ndani. Mtu anayetaka kufa saa tisa habishani vile saa mbili.

Nikageuka kutazama jukwaa. Lonnie alikuwa amesimama. Alishusha zipu ya lile koti, na chini ya koti kulikuwa na jezi, na chini ya jezi kinga za mabega za plastiki, kila kitu kimefungwa barabara. Helmeti aliitoa chini ya kiti.

Mji ulipiga kelele ambazo sijazisikia maishani. "Lon-nie! Lon-nie!" Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, hatukulifuta, kwa heshima. Kocha alimtazama, akatazama ubao wa matokeo, na nikaona hesabu zikifanyika kichwani mwake, zile hesabu za kijinga.

"Mpira mmoja tu, Orville," Lonnie akamwambia. "Naurusha, naachia, hawanifikii."

"Ingia," akasema Kocha.

Kwenye uzio, karibu na lango, alikuwa Wanda. Hakupiga kelele. Alikuwa ameushika waya wa uzio kwa mikono miwili, na mdomo wake unasema kitu kwa mume wake ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakisikia.

Tukajipanga. Nikainama. Ile mikono ikarudi mahali pake, na haki ya Mungu niliijua mara moja, miaka kumi na tisa yote ile, ningeijua gizani. Mbele yangu lilikuwa jitu la Slate Hollow, lina masizi ya jiko letu kwenye ndevu.

"Buluu arobaini!" Lonnie akaita. "Buluu arobaini! Hat!"

Wote waliondoka. Mimi sikuondoka. Nilikuwa nimeukumbatia mpira pale chini kama kuku kwenye mayai, na nilishangaa kama wengine walivyoshangaa, maana sikuwa nimepanga. Filimbi. Refa akatupa kitambaa cha njano, cha adhabu. Yadi tano nyuma.

"Kaz, vipi?" Lonnie akanong'ona tulipojipanga tena. "Umelala?"

"Sijalala."

"Basi nipe mpira."

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi mpira, shemeji."

Mikono haikuondoka. Jukwaa lilikuwa linaimba jina lake. "Acha utani, saa inakimbia."

"Shangazi yako amekula soseji ngapi leo?"

"Tatu," akasema.

"Ulimpa nini ili afe?"

"Bingo. Nitampeleka kucheza kila Alhamisi mpaka Krismasi. Kaz, nakuomba. Mmoja tu."

"Mwaka juzi ulisema mmoja tu."

"Mpe mpira basi, bwana," likasema lile jitu mbele yangu, jasho linamtiririka. "Kuna joto."

"Bega lake limekatika," nikamwambia. "Akigongwa tena mkono unakufa."

Likafikiri. Halikuwa jitu baya. "Mimi nitamgonga, unajua," likasema. "Ndiyo kazi niliyopewa."

"Najua. Ndiyo maana."

Refa akapuliza. "Muda umekwisha! Yadi tano!" Ni muda wa kuanzisha mpira aliousema; ukiupitisha, unaadhibiwa. Tukarudi nyuma. Sasa jukwaa lilikuwa limeacha kuimba jina la Lonnie, linaimba langu, na si kwa uzuri. Mtu alinirushia kikombe cha maji ya limau. Kocha alikuwa anaruka: "Mtoeni! Mtoeni Kaz!" Senta wa akiba ni binamu yangu Teddy. Teddy alimtazama Kocha, akamtazama Wanda pale kwenye uzio, akashika ubavu akasema ana kichomi.

Tukajipanga mara ya tatu. Lonnie hakuita rangi wala namba.

"Unaniaibisha mbele ya watu wote," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Miaka kumi na tisa nimekuamini. Hujawahi kuninyima."

"Sijawahi."

"Basi leo nini?"

Sikuweza kumjibu nikiwa vile, kichwa chini makalio juu. Kuna mambo hayasemeki hivyo. Nikasimama na mpira mkononi, nikageuka. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuuona uso wake akiwa kazini. Mikono niliijua, sauti niliijua. Uso niliuona siku ile, ndani ya helmeti, mtu mzima wa arobaini na nne.

"Nisiporusha mimi ni nani, Kaz?" akasema. "Niambie. Nikirudi pale jukwaani nikakaa, mimi ni nani?"

Hasira zote ziliniisha. Nilimpenda yule mshenzi kuliko ndugu yangu yeyote wa damu, na nilikuwa nalia kama mtoto, jezi yote limau.

"Sijui, shemeji," nikasema. "Utakuja kujua. Ila ujue ukiwa na mikono miwili."

Aliutazama mpira niliokuwa nimeushika. Hakunyoosha mkono kuuchukua. Pembeni refa alikuwa ameshatia filimbi mdomoni na kuingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa chake. Lonnie akamgeukia.

"Usijisumbue, refa," akasema. "Muda umekwisha."

Akafungua kamba ya kidevu, akavua helmeti, akatembea kuelekea langoni, ambako Wanda alikuwa ameshafungua.